Mfichuzi Kizimbani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwapo mjini Kampala jarida dogo, Uganda Confidential, ambalo wakubwa wengi walilichukia na wasomaji wakalingojea kwa hamu, kwa kuwa mhariri wake, Teddy Seezi Cheeye, hakuona haya kuandika nani kajenga nini na kwa mali ya nani. Baadaye bwana huyu aliingia katika idara ya usalama wa ndani, akawa mkurugenzi wa mambo ya uchumi. Tuliweke jina lake kando kidogo, tutalirudia.

Mwaka 2002 ulianzishwa, makao yake yakiwa Geneva, Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria: hazina ambamo mataifa na wahisani hutia fedha, kisha zikagawiwa nchi zenye dhiki. Uganda ilikubaliwa misaada mitano ya jumla ya dola milioni 201 hivi. Lakini Agosti 2005 Mfuko uliisimamisha yote kwa mkupuo, baada ya wakaguzi kuona kwamba ofisi ya mradi, chini ya Wizara ya Afya, iliiendesha amana ile kiholela, hata dola zikabadilishwa kwa kiwango cha hasara. Tume ya Jaji James Ogoola, iliyoundwa kuuchunguza uendeshaji huo, ilipoketi hadharani, magazeti yakaeneza ushahidi wake nchi nzima.

Miongoni mwa waliodakwa alikuwa Cheeye yule yule. Shirika lake, ambalo jina lake lenyewe, ajabu ya Mungu, lilinadi uwajibikaji, lilikuwa limepewa fedha ili likague kazi za Mfuko wilayani; na Aprili 2009 Jaji John Bosco Katutsi alimhukumu kifungo cha miaka kumi kwa wizi wa amana na kughushi hati za matumizi.

Hapo ndipo inapoingia Kasese, wilaya ya magharibi mwa Uganda. Hati ya kughushi huandikwa Kampala, lakini majina yake ni ya vijijini. Na mhasibu wa mji mkuu, hata awe hodari namna gani, hawezi kujua kama semina iliyoandikwa kuwa ilifanyika Bwera, katika wilaya hiyo, ilifanyika kweli, au kama fulani aliyetia sahihi alikwisha fariki mwaka uliotangulia. Ajuaye ni mwandishi wa redio ya hapo hapo, asemaye Lhukonzo, lugha ya huko, awezaye kupanda bodaboda na orodha ya waliotia sahihi mkononi, akabisha hodi mlango kwa mlango, kisha akayatangaza aliyoyakuta.

Ila mwandishi huyo, aghalabu, hana mshahara wa kumtosha. Mafuta ya pikipiki na chakula cha mchana hutolewa na mashirika yale yale yanayomwalika kwenye semina zao, na posho yake huandikwa katika orodha ile ile, mstari mmoja chini ya wanakijiji.