Mtu wa Nyumba ya Pili

Kila Mithali 27:10 inaposomwa kanisani, wazee wetu waliotoka bara hukunja uso. Aya hiyo inatutaka tuushike urafiki wetu na ule tuliorithi kwa wazazi, na hapo hakuna ubishi. Kisha inatuambia kwamba likitufika jambo zito, mtu wa nyumba ya pili atatufaa kabla ya mtoto wa mama yetu anayeishi mbali. Hapo ndipo wanapokataa. Ndugu ni ndugu, wanasema, utamwachaje?

Mimi ni binti wa Mngoni, nimezaliwa Unguja, ni muuguzi na ninaishi Tunguu. Aya hiyo naiamini yote.

Baba alikuwa seremala. Alivuka bahari akiwa kijana kutafuta kazi, na mzee mmoja wa hapa, Muislamu, akampa mahali pa kujenga. Nyuma ya nyumba ya mzee kulikuwa na mifenesi mikubwa. Mti ukianguka, mzee anatoa mbao, baba anatoa kazi, wanauza vitanda na kugawana. Mimi nimekua nikimwita mzee yule babu, na wanawe ni kaka zangu.

Baba alipofariki, baba zangu wadogo walikuwa Songea. Ni basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam, ulale, asubuhi upande boti hadi Malindi, bandarini Unguja. Walipokuwa bado njiani, uani kwetu turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, wanawake wa mtaani wanapepeta mchele. Jirani zetu kwa desturi yao maiti hacheleweshwi. Aliyefariki asubuhi, jioni keshazikwa. Sisi tulikuwa tunasubiri wageni. Sikumsikia hata mmoja akiuliza tunasubiri nini. Babu alikaa nasi barazani usiku na mchana. Vijana wake wakaenda Mwanakwerekwe, upande wa makaburi ya Wakristo, wakashika majembe pamoja na vijana wa kanisani. Baba wadogo walipoingia, wamechoka na wamejaa vumbi, babu ndiye aliyenyanyuka kuwapokea. "Poleni wanangu," akawaambia. "Ndugu yenu hakulala peke yake."

Mithali haimdharau ndugu. Sura ya 17 aya ya 17 inamtaja kuwa amezaliwa kwa ajili ya siku za taabu. Tatizo ni masafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kaskazini ya Unguja ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Jamaa za abiria wengi walikuwa Pemba, ng'ambo ya maji, hawana la kufanya. Miongoni mwa waliotoka kuwaokota watu majini walikuwemo wavuvi wa Nungwi na wenye boti zinazopeleka wageni kupiga mbizi. Hawakuwa na udugu nao. Walikuwa karibu.

Hata Biblia yenyewe ilipoanza kutiwa katika Kiswahili cha Unguja, kazi ilipitia mikono ya majirani. Edward Steere, mmisionari aliyeishughulikia kazi hiyo, alifika Zanzibar mwaka 1864, akaja kuwa askofu, na kaburi lake lipo nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Katika waliomsaidia alikuwemo Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mwanazuoni mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Zanzibar, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Alibaki Muislamu na sheikh mkubwa, na wamisionari alijadiliana nao dini waziwazi. Jambo hili hunigusa sana, na naona halisemwi vya kutosha, kanisani wala kwengineko.

Ujirani wa namna hii una masharti, na Mithali inayajua. Sura ya 25 inaonya usiuzoee mno mlango wa jirani, asije akakuchoka. Sura ya tatu inakataza kumwambia arudi kesho na hali anachokitaka unacho. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana tunakula ndani, na magharibi wanangu wanapeleka sinia ya muhogo wa nazi kwa babu. Sahani ikija kwetu hairudi tupu. Mtu anaweza kuyaona haya madogo, lakini ndiyo yanayokupa uso wa kubisha hodi saa nane ya usiku.

Na urafiki wa baba unadai zaidi. Yonathani alipokwisha kufa, Daudi aliuliza kama kuna aliyesalia katika ukoo wake, akamleta Mefiboshethi, mtoto wa rafiki yake, mlemavu wa miguu, akala mezani kwa mfalme siku zote. Kisa kipo 2 Samweli 9. Babu sasa haoni vizuri. Mimi ndiye ninayempima presha na kumhesabia vidonge, na sioni kama ninamfanyia hisani.

Tunguu inabadilika. Vyuo vikuu viwili vimeleta wapangaji wengi, kuta zinapanda, na wapo wanaokaa mwaka mzima bila ya kujuana majina. Binti mmoja wa chuo, mtu wa Wete kule Pemba, alishikwa na homa kali usiku. Alibisha kwetu kwa sababu alikuwa ameshawahi kuja kuomba chumvi. Mama yake alipopata simu asubuhi, dripu ilikuwa imeshamalizika na homa imeshuka. Mama yule sasa akija Unguja hafikii mjini kwa jamaa zake. Anafikia kwetu, na wanangu wanamwita shangazi.