Vidonda vya Tumbo? Kumbe Uvimbe!

Mjomba wangu wa Pasiansi alimeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Choo cheusi kama lami, kizunguzungu, yeye anasingizia pilipili! Siku alipoanguka Mwaloni ndipo tukamkimbiza Bugando. Wakamshusha mpira wenye kamera: uvimbe umejificha chini ya utando wa tumbo. Akapasuliwa, kinyama kikapimwa protini iitwayo KIT. Jibu: kansa ya GIST. Msomaji, nilijua kwisha kazi. Kumbe kuna kidonge, imatinibu, Marekani ilikiruhusu kwa kansa hiyo 2002, kinaizima KIT. Anameza miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula, miaka 3. Juzi kaniagiza sangara. Na pilipili, bado king'ang'anizi!