Kabla hujamfukuza binti wa dukani, linganisha daftari na benki

Mama mdogo alinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa ameshaamua. "Mwanangu, huyu binti wa dukani ananiibia. Mwisho wa mwezi anaondoka."

Ana duka la dawa Morogoro. Binti huuza mchana, jioni hupeleka fedha kwa wakala wa benki na kurudi na risiti. Kwa daftari la mama mdogo, hadi Juni 30 akaunti ilipaswa kuwa na Sh2,418,000. Benki ilisema Sh2,309,400. Pungufu Sh108,600.

Mimi huandika habari za chanjo na lishe ya watoto. Hesabu nilizikimbia tangu kidato cha pili. Lakini ndiye mwenye kompyuta kwenye ukoo, basi nikaenda. Tuliweka GnuCash, programu ya uhasibu ya bure, tukaingiza miamala yote ya miezi mitatu kutoka kwenye daftari. Salio la kuanzia tulilitoa kwenye taarifa ya benki ya Machi 31. Hapo usikosee, mzazi mwenzangu: ukianza na salio la kukisia, mwishoni hesabu haitakubali.

Kazi yenyewe wahasibu huiita usuluhisho wa benki. Unaandika tarehe na salio la mwisho la taarifa ya benki, kisha unatia tiki kila muamala unaouona pande zote mbili. Chini programu inaonyesha tofauti. Ikisoma sifuri, umemaliza.

Kwa pupa nilitia tiki yote. Tofauti: 108,600. Tukarudi mstari kwa mstari, na cha kwanza kugundua kikatutisha zaidi. Hundi ya Sh95,000 aliyopewa msambazaji wa dawa ilikuwa kwenye daftari lakini benki haikuijua, mwenyewe hajaipeleka. Nikaiondolea tiki. Tofauti ikapanda hadi 203,600.

"Si nilikwambia?" akasema mama mdogo.

Dirisha hilo lina kitufe cha kuongeza ingizo la kusawazisha. Ukikibonyeza, programu inaandaa ingizo la kuziba tofauti yote. Alikuwa amechoka, akaniambia nibonyeze tulale. Kidole kilikuwa tayari. Lakini ningefanya hivyo, zile 203,600 zingezibwa bila maelezo, na binti angebeba jina la mwizi.

Tukaendelea. Makato ya benki ya miezi mitatu, ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika: Sh14,600. Zikabaki 189,000. Kisha fedha za Mei 6: daftari la benki lilisema 287,000, risiti ya wakala 278,000, na kitabu cha mauzo cha binti nacho 278,000. Mama mdogo alikuwa amegeuza tarakimu kwa mkono wake. Rafiki yangu mhasibu aliniambia baadaye kwamba tofauti inayotokana na tarakimu mbili zilizogeuzwa hugawanyika kwa 9 bila kubaki.

Zikabaki 180,000. (Nazo zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo usiliamini sana hilo.)

Muamala huo ulikuwa kwenye taarifa ya benki tu: Mei 17, malipo kwa simu. Mama mdogo aliuangalia muda mrefu. Ilikuwa ada ya mwanawe wa mwisho. Mwalimu alitishia kumrudisha nyumbani, akalipa usiku ule akiwa kitandani, kwa simu yake mwenyewe, kutoka akaunti ya duka. Hakuandika popote.

Sifuri ilipotokea hakuna aliyeshangilia.

Nilimuuliza kama binti alijua anashukiwa. "Alijua," akajibu. "Wiki ya pili hii hali nasi chakula cha mchana. Anasema ameshiba."

Jumatatu alimwita nyuma ya duka wakaongea, mlango umefungwa. Sikuuliza walisemezana nini. Nilichoona ni sahani tatu mezani mchana ule.

Ile hundi ya 95,000 bado haina tiki. Mama mdogo ameshampigia msambazaji mara mbili.