Mwalimu, shusha pumzi kabla ya kuinua mkono

Huku kwetu Migwani, katika Kaunti ya Kitui, mwisho wa mwaka huleta mambo mawili kwa pamoja: mvua na mtihani. Mvua za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani, kwani zile za Machi hadi Mei aghalabu humhini. Hicho ndicho pia kipindi ambacho watahiniwa wa kidato cha nne hukabiliana na mtihani wa KCSE. Basi jembe na kalamu hugombania mkono mmoja, na mwenye mkono huo, awe mwalimu au mwanafunzi, hukosa hata nafasi ya kupumua.

Nasema haya kwa kuwa yalinifika. Mwaka mmoja, Oktoba ikielekea ukingoni, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilifika shuleni nikiwa na rundo la madaftari yasiyosahihishwa, ripoti iliyokuwa ikidaiwa afisini, na shamba la pojo na mbaazi ambalo halikuwa limetiwa hata mbegu moja. Somo lilikuwa limefika katikati mvulana mmoja alipoingia darasani, miguu imejaa matope, insha hana. Sikumwuliza neno. Mkono wangu ulikwisha inuka.

Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akipita nje, alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hebu shusha pumzi kwanza." Niliishusha, tena kwa aibu, na mkono nao ukashuka. Nilipomwuliza kijana alikotoka, alijibu kuwa tangu alfajiri alikuwa akiongoza ng'ombe wa plau huku mamake akitia mbegu nyuma yake, kwa sababu mvua haimngoji mtu. Ndipo nilipotambua kwamba nilitaka kumpiga mtoto kwa kufanya jambo lile lile ambalo mimi mwenyewe nilitamani kulifanya asubuhi hiyo.

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakitia muhuri katazo hilo. Sheria hiyo niliijua vyema. Lakini katika dakika ile sheria ilikuwa kitabuni na mkono ulikuwa hewani. Kilichokosekana baina ya viwili hivyo ni pumzi moja tu.

Wataalamu wa mwili wanatueleza sababu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akighadhibika au akiogopa, pumzi huwa za haraka na fupi, zikiishia kifuani, na moyo hupiga mbio. Hata hivyo, moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta hewa, na huipunguza tunapoitoa. Kazi hiyo ya kuutuliza hufanywa na neva ya vegasi, itokayo ubongoni ikapitia moyoni hadi tumboni. Kwa hivyo mtu hawezi kuuamuru moyo wake utulie, lakini anaweza kuirefusha pumzi inayotoka, na moyo ukafuata.

Njia yenyewe ni nyepesi. Keti wima, vuta hewa kwa pua ukihesabu sekunde nne, tumbo lijae. Kisha itoe polepole ukihesabu sita. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Fikira zikitangatanga, zirejeshe kwenye pumzi bila kujilaumu. Usivute kwa nguvu, na ukihisi kizunguzungu, acha. Mwenye pumu naye asiache dawa yake kwa ajili ya zoezi hili.

Tangu siku ile, darasa langu hufanya hivyo kwa dakika mbili kabla ya karatasi za mtihani wa mwigo kugawanywa. Sidai kwamba alama zimepaa. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba wale waliokuwa wakitetemeka na kusahau hata walichokijua sasa husoma swali hadi mwisho kabla ya kushika kalamu.

Wapo watakaouliza kama hii si ibada ya kigeni. Ni kweli kwamba wafuasi wa Buddha wameizingatia pumzi kwa zaidi ya miaka 2,000, na kwamba mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafunza wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, mazoezi ya aina hii bila ya ibada. Lakini pumzi haina mwenyewe. Kiswahili chetu kilikwisha kulijua jambo hili zamani: kutoka pumzi tukapata kupumzika.

Hata hivyo, pumzi isigeuzwe kisingizio. Haitasahihisha madaftari wala haitapanda mbaazi. Penye uhaba wa walimu, dawa ni walimu. Na mwanafunzi anayelima alfajiri anahitaji shule iliyo tayari kumsikiliza na kumpangia wakati wa kufidia kazi yake. Lakini hata kusikiliza huko hakuwezekani kwa mtu anayehema.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, mawingu yatakapotanda tena juu ya Migwani na karatasi za mtihani zikaribie, tukumbuke kwamba hasira ni hasara. Nanyi watahiniwa, msiidharau sekunde ile mtakayoshusha pumzi kabla ya kulifungua swali la kwanza.