Wanaougua baada ya homa kupoa wasiitwe wavivu

Lugha yetu ina maneno tele ya kumtaja mgonjwa na ya kumtaja aliyepona, lakini ni haba mno maneno ya kumtaja aliye baina ya hao wawili. Mtu ameshikwa na homa, homa imepoa, daktari amepima damu asione kitu, na bado mtu huyo hawezi kupanda ngazi wala kushika kalamu. Tumwite nani? Kwa kukosa jina, wengi wetu humwita mvivu. Nayasema haya nikiwalenga hasa walimu wenzangu na wanafunzi, kwani ni shuleni ambako hukumu hiyo hutolewa kwa wepesi.

Chukua mfano wa chikungunya. Wapo wanaodhani kwamba neno hili ni la Kiswahili. Sivyo. Ni la Kimakonde, na liliingia katika maandishi ya utabibu mwaka wa 1955, kufuatia mlipuko uliozuka 1952 katika sehemu za Newala, kusini mwa Tanganyika. Maana yake ni kile kinachokunja, yaani maradhi yanayomwacha mtu amejipinda kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulio ndugu yake, o'nyong-nyong, ulizuka kaskazini mwa Uganda 1959, nao ukapewa jina la Kiacholi linalotaja viungo vivyo hivyo. Tazama umahiri wa wanakijiji hao! Hawakuuita ugonjwa kwa joto la mwili, ambalo hupoa baada ya siku chache, bali kwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe huyapata na jirani huyaona.

Hapa kwetu ugonjwa huu si mgeni. Ulipozuka Lamu 2004, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba yapata asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ulivuka hadi Komoro, na kufikia 2006 ulikuwa umewapata karibu thuluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion. Mombasa ilivamiwa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Wengi hupona katika muda wa majuma machache. Wengine hubaki na maumivu kwa miezi, hata miaka.

Miongoni mwa hao wengine ni mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi huko Mombasa. Mpaka leo zipo asubuhi ambazo vidole vyake havikunjuki kabla ya saa nne, na vipindi vyake vya hesabati vilikuwa vya saa mbili. Chaki ilikuwa ikimponyoka mbele ya watoto. Aliyekuwa mwalimu mkuu wake alimwambia kwamba ugonjwa usioonekana hauna ruhusa. Shemeji yangu, ambaye sasa ndiye anayefua na kukamua nguo zote za nyumba hiyo, naye hachelewi kuchekwa na majirani. Nilikwenda kuonana na mwalimu mkuu huyo nikiwa na cheti cha daktari mkononi. Sikuomba mwalimu apunguziwe kazi. Niliomba vipindi vyake visogezwe hadi baada ya mapumziko. Ilichukua mihula miwili kukubaliwa jambo ambalo lilihitaji kifutio na dakika tano mbele ya ratiba.

Wala tusidhani kwamba kutoaminiwa huku ni ushamba wetu. Mwaka wa 1955 katika hospitali ya Royal Free jijini London, wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua hata hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 1970 madaktari wawili wa akili, waliosoma kumbukumbu pasipo kuwapima wagonjwa, waliandika kwamba yalikuwa mapagao ya umati, na mojawapo ya hoja zao ni kuwa waliougua wengi walikuwa wanawake. Kisha mwaka wa 1988 wataalamu wa Marekani wakayapa maradhi ya namna hii jina lenye maana ya uchovu wa kudumu. Kwa maoni yangu jina hilo limewadhuru wagonjwa kuliko tusi. Ni nani asiyechoka? Ukimwambia mkulima wa Murang'a kwamba unaumwa uchovu, atakuonyesha jembe lake.

Uchovu huu ni wa aina nyingine. Alama yake kuu, kama jopo la wanatiba wa Marekani lilivyoeleza 2015, ni kwamba hali huzidi kuwa mbaya baada ya juhudi ndogo tu ya mwili au ya akili, na mara nyingi adhabu hiyo hufika kesho yake au kesho kutwa. Kwa hiyo kumshurutisha mgonjwa kukimbia ili apate nguvu ni kumdhuru. Uingereza, iliyokuwa imependekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, iliacha pendekezo hilo 2021.

Korona nayo ikatufundisha upya. Jina la Kovidi ya muda mrefu lilitungwa na wagonjwa wenyewe Mei 2020, kabla ya wakuu kuafikiana, na Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi Oktoba 2021.

Wanaodai kwamba sheria haiwatambui watu hawa hawajasoma Katiba ya 2010. Kifungu cha 260, kinapofasili ulemavu, hakikomei kwenye mguu au jicho. Kinataja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku za mtu. Naam, ugonjwa.

Basi mwanafunzi aliyepata homa kali muhula uliopita, na ambaye sasa husinzia kila baada ya somo la michezo, asipigiwe kelele kabla hajaulizwa alilalaje na aliamkaje. Aruhusiwe kuketi gwarideni. Apewe mtihani kwa vipande, pakiwa na mapumziko katikati. Na anaposema leo ameweza lakini kesho hataweza, mwalimu wa darasa aliandike jambo hilo katika daftari lake, pamoja na tarehe, ili mzazi apate la kumwonyesha daktari.