Babu Yumo Kwenye Sensa, Ila Jina Lake Halimo

Anayetafuta jina la babu yake katika sensa za zamani za Mbeya na Iringa atarudi mikono mitupu. Ile ya 1931 ilitegemea hesabu zilizoletwa na machifu na majumbe. Ya 1948 na ya 1957 zilikwenda mbali zaidi, lakini kilichochapwa ni jumla tu. Uingereza fomu zenye majina hufunguliwa baada ya miaka 100, ndiyo maana za 1921 zilianza kusomwa na umma mwaka 2022. Kwetu zinazotoka ni takwimu, na siri ya kaya hulindwa kisheria.

Hata hivyo nasema zisomwe, kwa sababu zinaonyesha mahali, na bila mahali huwezi kulipata jina. Iringa ya sensa ya 1967 ilikuwa na Njombe ndani yake, mkoa uliozaliwa 2012. Mbeya ilibeba Songwe, iliyojitenga 2016, na hata Sumbawanga. Tukuyu, kwa Wajerumani, iliitwa Neu Langenburg. Asiyejua hayo atapekua makabrasha ya Nyaraka za Taifa kwa jina lisilokuwepo enzi hizo.

Kisha weka sensa ya 1967 na ya 1978 kando kwa kando. Katikati yake ilipita Operesheni Vijiji. Familia nyingi za vijijini Iringa zilihamishwa kutoka mashamba ya mababu na kupangwa kwenye vijiji vipya, makaburi yakabaki nyuma. Kwa hiyo swali la kumuuliza bibi si "tunatoka wapi?" bali "kabla ya Operesheni mlikaa wapi?" Hapo ndipo atataja mto, kilima na jirani.

Rungwe, mkoani Mbeya, kuna jambo jingine. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta vijana wa rika moja wakijenga kijiji chao, mbali na cha baba zao. Mtoto na baba wangeweza kuhesabiwa chini ya vijiji viwili tofauti. Usikate tamaa ukikosa ukoo mzima mahali pamoja.

Majina yenyewe yako makanisani. Wamisionari Wamoravia walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891. Tosamaganga, mkoani Iringa, walitangulia wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wabenediktini, wakafuata Wakonsolata. Kwenye kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki utakuta tarehe, jina, wazazi, kijiji na msimamizi. Lakini jicho lisiishie kwenye safu hizo. Pembeni, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine, paroko wa baadaye huandika ndoa: imefungwa lini, parokia gani, na nani. Dokezo hilo dogo linakupeleka kwenye kitabu kingine, mara nyingine wilaya nyingine, alikoolewa shangazi ambaye ukoo ulimpoteza.

Vitabu hivyo ni vya karatasi, na unyevu wa Rungwe hauna huruma. Naziomba parokia za Kikatoliki na shirika za Wamoravia zivipige picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla wino haujafifia. Wewe nawe, ukienda kuomba kuviona, nenda na jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la kijiji cha kabla ya Operesheni, maana akina Yohana ni wengi.