Mgombea akisema, nasi tuulize



Wakati wa kampeni ya mwaka 2023 tulikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani siku mgombea alipofika. Yalikuja magari matatu, kipaza sauti kikiwa juu ya gari la kwanza, pamoja na ngoma na vijana waliovaa nguo zenye picha yake. Mgombea alisema karibu nusu saa. Aliahidi kwamba vita vitakwisha na watu watarudi kwao. Watu walishangilia sana. Kisha chumvi na sabuni zikaanza kugawiwa, mstari ukavunjika, mama mmoja mzee akasukumwa akaanguka. Magari yakaondoka.

Jioni tuliketi na viongozi wa kambi, tukawauliza: mgombea yule anatafuta kiti gani, cha Bunge la Taifa au cha Bunge la Jimbo? Hakuna aliyejua kwa hakika. Hata sisi tuliokuwa pale hatukumwuliza. Wote tulisikiliza, na hakuna aliyesema neno.

Tangu siku ile tumekuwa tukizungumza na kamati za makambi juu ya jambo hili. Kampeni ni wakati mgombea anapoomba kazi kwa raia. Anayeomba kazi huulizwa maswali. Asipoulizwa, anapewa kazi bila mtu kujua ataifanyaje.

Sheria inasema nini?

Sheria ya uchaguzi ya Machi 9, 2006, ambayo imebadilishwa mara kadhaa, inasema kwamba kampeni ya urais na ya ubunge wa taifa haizidi siku 30, na inafungwa saa 24 kabla ya siku ya kura. Mwaka 2023 ilianza Novemba 19, na kura ikapigwa Desemba 20. Mikutano ya kampeni ni huru, lakini wanaoiandaa wanapaswa kuwajulisha wakuu wa mahali angalau saa 24 kabla. Ni marufuku kutumia mali, fedha au wafanyakazi wa serikali kwa kampeni. Kununua kura pia ni marufuku.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa kambi, mgombea anapokuja mna haki ya kujua mapema ni nani anayekuja, saa ngapi na kwa kiti gani. Mkijua mapema, mnaweza kuwatayarisha watu ili waje na maswali.

Wagombea hutufikia kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni mkutano wa hadhara, ule tunaouita mitingi. Ni njia nzuri kwa sababu mgombea anaonekana kwa macho. Ubaya wake ni kwamba ngoma na zawadi huchukua nafasi ya maneno. Mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa na wagombea urais 33, na wagombea zaidi ya 9,000 kwa viti 500 vya Bunge la Taifa. Katika wingi huo kila mmoja alitaka watu wakumbuke picha yake na namba yake. Mtindo huo umebaki: mara nyingi namba ya mgombea huimbwa kuliko mpango wake.

Njia ya pili ni radio. Hii huwafikia hata walio mbali na barabara. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kiswahili pia, na radio za mahali huwa na vipindi ambapo wagombea huulizwa na watangazaji. Tunawashauri msikilize kwa kikundi, mkutane watu kumi kwenye radio moja, kisha mzungumze juu ya mliyoyasikia.

Njia ya tatu ni watu wa kati: shefu wa kijiji, mchungaji, padri, mwalimu, rais wa kambi. Mgombea anajua kwamba neno la mtu anayeheshimiwa lina nguvu. Ninyi viongozi mnaosoma ukurasa huu, hapa ndipo mzigo wenu ulipo. Katiba, katika kifungu cha 207, inasema kwamba mamlaka ya kimila yana wajibu wa kukuza umoja wa taifa. Kiongozi anayepokea bahasha ya mgombea usiku, kesho yake atawaombaje watu wa vyama mbalimbali wapatane?

Njia ya nne ni simu. Sauti iliyorekodiwa huzunguka kambi nzima kabla ya jua kutua, wala hatujui nani aliyeitoa. Mkipokea habari ya namna hiyo, ulizeni kwanza: nani amesema, lini, wapi? Kama hakuna jibu, msiitume kwa wengine.

Mbunge anaweza kufanya nini?

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa bila kujua. Mgombea ubunge husema: nitajenga barabara, nitaleta maji, nitawafukuza wenye silaha. Kwa kweli mbunge hana tingatinga, wala haamuru jeshi. Katiba inampa kazi ya kupiga kura juu ya sheria, kupitisha bajeti ya nchi, na kuisimamia serikali. Anaweza kumwuliza waziri swali kwa mdomo au kwa maandishi, anaweza kuomba waziri aitwe ajieleze, na Bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Mbunge wa jimbo naye, kwa mujibu wa Katiba, ana kura katika kumchagua gavana na maseneta.

Basi mgombea akisema "nitaleta barabara", mjibuni kwa heshima: "Mheshimiwa, barabara inajengwa na serikali. Wewe ukiwa bungeni utadai fedha zake katika bajeti kwa njia gani?" Anayejua kazi anayoiomba atajibu. Asiyeijua ataonekana.

Wazee wetu husema ahadi ni deni. Lakini tunapaswa kuwaambia ukweli: deni hili halina mahakama ya kulidai. Kifungu cha 101 cha Katiba kinasema kwamba mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima, na kwamba agizo lolote la kumfunga ni batili. Maana yake, hata akiandika ahadi na kutia sahihi, hamwezi kumshitaki kwa kutoitimiza. Hukumu mliyo nayo ni moja tu: kura yenu baada ya miaka 5. Na ili kura hiyo ihukumu vema, lazima ahadi ikumbukwe.

Mkimbizi wa ndani na kura

Mara nyingi tunaulizwa makambini: sisi tuliokimbia, bado tuna haki? Ndiyo. Aliyekimbia vita ndani ya nchi yake anabaki raia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, na Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, zote zinataja haki yake ya kupiga kura.

Lakini haki iliyoandikwa si haki iliyopatikana. Mwaka 2018, kura ya Beni na Butembo ilisogezwa hadi Machi 31, 2019, kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya alikuwa ameapishwa tangu Januari 24. Mwaka 2023, kura haikufanyika katika teritware za Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Watu wa huko hawakupata mbunge waliyemchagua wenyewe.

Tena, mbunge huchaguliwa kwa mji au kwa teritware. Mkimbizi aliyeandikishwa mjini humchagua mbunge wa mji, si wa kijiji alichokimbia. Kwa hiyo mgombea wa mji akiwaambia "nitawarudisha kwenu", mwulizeni pia: "Na wakati tungali hapa, watoto wetu watasoma wapi?"

Jambo moja zaidi. Karte ya uchaguzi ndiyo wengi wetu tunayotumia kama kitambulisho, hata barabarani. Msimpe mtu wa kampeni karte yenu aende nayo, hata kama anaahidi fedha au msaada. Kura ni siri, na hakuna mwenye haki ya kuwauliza mlimpigia nani.

Maneno yanayochoma

Kuna wagombea wanaosema lugha mbili. Kwa wenyeji husema: hawa wakimbizi wamekuja kuwachukulia mashamba na kura. Kwa wakimbizi husema: wenyeji hawa hawawataki, mimi peke yangu ndimi mlinzi wenu. Yeye atapata kura pande zote mbili, kisha atapanda gari aende. Mwenyeji na mkimbizi watabaki wakichota maji kwenye bomba moja.

Sheria ya Juni 7, 1966 inaadhibu chuki ya kabila na ya rangi. Mkisikia maneno ya namna hiyo, msijibu kwa matusi wala kwa mawe. Andikeni siku, mahali na maneno yenyewe, kisha wajulisheni viongozi na mashirika ya haki za binadamu. Njia iliyo bora zaidi ni kumwalika mgombea azungumze mbele ya wenyeji na wakimbizi waliokaa pamoja. Hapo hawezi kuwa na lugha mbili.

Tunashauri hivi

- Kabla ya mgombea kufika, kamati ikutane na kuchagua maswali matatu tu. Mama mmoja aulize, kijana mmoja aulize, mzee mmoja aulize.
- Ombeni maswali yaje kabla ya zawadi. Zawadi ikitangulia, watu hutawanyika.
- Wekeni daftari moja la kambi. Andikeni jina la mgombea, kiti anachotafuta, siku, na alichoahidi. Isomeni mbele ya watu, naye akiwapo.
- Msiwazuie wagombea wengine. Kambi inayompokea mmoja tu imekwisha kumchagulia kila mtu.
- Baada ya uchaguzi, mwiteni aliyeshinda. Vikao vya kawaida vya Bunge ni kutoka Machi 15 hadi Juni 15, na kutoka Septemba 15 hadi Desemba 15. Kati ya vikao hivyo mbunge hutarajiwa kuwarudia watu wake. Mpokeeni na daftari mkononi.

Kamati moja tuliyofanya nayo kazi ilianza daftari kama hilo. Baadaye watu wake walilazimika kukimbia tena, na mahema yakaachwa. Katibu alibeba sufuria, blanketi, na daftari. Tulipomkuta tulimwuliza kwa nini alichukua karatasi badala ya kitu cha kula. Alituambia kwamba wagombea watarudi siku moja, na angependa kuwasomea.